Papa alikuwa mkulima wa Kibumba: nisome nini siku ya misa yake?

MtotoWaNane (Goma) aliuliza:

Wapendwa, naomba msaada wenu. Papa, baba yetu mzazi, alituacha mwishoni mwa mwezi wa nane. Tulimzika Kibumba, kaskazini mwa Goma, pembeni ya shamba lake la juu, mahali ambapo asubuhi isiyo na ukungu unauona mlima Mikeno wote. Jumamosi ya wiki ijayo ni misa ya siku arobaini, na familia imenipa mimi kazi ya kusoma maisha yake. Nina dakika tano. Leo ni siku ya nne karatasi iko mbele yangu na sijaandika mstari hata mmoja unaofaa.

Yaya wangu, yaani mkubwa wetu, mzaliwa wa kwanza, ameshaandika ya kwake kwa Kifaransa. Imejaa nusu ukurasa. Inasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1945, alikuwa mkulima, alifunga ndoa na mama yetu, ameacha watoto 8, wajukuu 31 na vitukuu 6. Basi. Nimeisoma mara tatu nikimtafuta papa humo ndani, sikumwona.

Hata hiyo tarehe si yake. Tarehe 1 Januari ndiyo wanayopewa wazee wasio na karatasi ya kuzaliwa. Siku ya kuandikisha kadi ya mpiga kura, agenti alimtazama uso, akamkadiria mwaka. Nyanya, mama yake papa, alikuwa akituambia kwamba alimzaa "wakati wa moto". Lakini huku kwetu mioto ni mingi. Moto gani?

Na hao watoto 8. Papa hakuwahi kusema kwamba ana watoto 8. Alisema 11. Watatu walikufa wadogo, wawili kwa surua mwezi mmoja, mwingine hatujui kwa ugonjwa gani. Kila walipopita watu wa kuhesabu familia, iwe kwa mbegu au kwa chandarua, alijibu 11. Wakimuuliza "walio hai, mzee?", alisema: "Wewe umeniuliza nimezaa wangapi."

Mimi nikifunga macho ninachoona ni buti zake. Mnakumbuka Jumamosi ile ya Mei 22, 2021, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, Kibumba ikabaki ng'ambo. Tarehe 27 tukaambiwa tuhame, nikaenda na watoto hadi Sake kwa miguu, tukalala chini kwenye darasa. Papa hakuwa na simu. Jirani tuliyekuwa tukimpigia, simu yake ilikuwa imezima. Hakuna aliyejua kama mwingine yuko hai.

Tuliporudi mwezi wa sita, siku ya pili, nilikuwa nafagia majivu mlangoni. Nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Alipanda moto-pikipiki hadi ukingoni mwa lava, akaivuka kwa miguu, mawe yakiwa bado yanatoa moshi, akashika pikipiki nyingine upande wa huku. Mgongoni alikuwa na mfuko wa maharagi, kama kilo 15. Hakukaa. Aliweka mfuko chini, akawaita watoto wangu mmoja mmoja, akawahesabu kwa kidole, ndipo akakaa na kuomba maji. Nilipomvua buti niliona soli zimeyeyuka. Yale meno ya chini yote yalikuwa yamelainika, kisigino cha kulia kimelala upande kama mshumaa, na ndani ya mpira vimekwama vijiwe vyeusi. Nikamwambia, "Papa, hukusikia kwamba panaunguza?" Akasema, "Nilitembea haraka."

Buti hizo ninazo. Wanafamilia wengine hawataki nizitaje. Wanasema wakwe watakuja, wakubwa wa parokia watakuja, tusimwaibishe mzee. Kuna na jambo lingine, la mimi na yeye, ambalo sijui kama linasemwa mbele ya watu.

Nisaidieni. Alizaliwa mwaka gani? Niseme watoto 8 au 11? Nisome kwa lugha gani? Na mtu ambaye hakusoma, hakuwa chifu, hakuwa na cheo kanisani, maisha yake yanaandikwaje?

---

Mwalimu_wa_Katindo (Goma) alijibu:

Pole sana, mwanangu. Pole na kwa mama yako, na ndugu zako wote.

Nianze na mwaka, maana hilo tunaweza kulitatua. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na wazazi wengi nimewatafutia mwaka kwa njia hii hii. Usianze na kadi, anza na maneno ya nyanya yako.

Nyamulagira, ile volkano jirani ya Nyiragongo, iliwaka kuanzia 1938 hadi 1940, na lava yake ilishuka hadi ikaingia ziwani upande wa Sake. Halafu 1948 ule mlima ukapasuka tena ubavuni, lava ikaelekea huko huko Sake, ikakaribia ziwa lakini haikulifikia. Wazee wa upande huo wanaitofautisha mioto hiyo miwili kwa maji: wa kwanza uliingia majini, wa pili haukuingia. Nyiragongo yenyewe iliposhuka Januari 10, 1977, papa yako alikuwa tayari mtu mzima, kwa hiyo huo tuuweke kando, na ule wa Januari 17, 2002 vilevile.

Kwa hiyo nijibu mambo mawili. La kwanza, nyanya alikuwa akitaja maji? Wengi walisema ziwa lilichemka, samaki wakaelea. La pili, papa mwenyewe aliwahi kukusimulia moto aliouona kwa macho yake akiwa mtoto? Kama alisimulia, alikuwa na nini mkononi, mbuzi, mdogo wake mgongoni, kitu gani? Mtoto hukumbuka alichokuwa amekishika.

Na muulize mama yako kuhusu Desemba 1979, Mobutu alipofuta noti za zaire 5 na za zaire 10. Hakuna familia ya mkulima aliyekuwa ameuza mavuno ambayo haina habari ya siku zile. Siyo kwa ajili ya mwaka wa kuzaliwa. Ni kwa sababu siku kama hizo zinaonyesha mtu ni wa namna gani.

---

Mzaliwa_wa_Kwanza (Goma, Himbi) alijibu:

Dada, pole. Mimi nitasema tofauti kidogo na naomba usinichukie.

Nilimzika baba yangu miaka sita iliyopita na mimi ndiye niliyeandika karatasi ya aina ile ile ya yaya wako. Nusu ukurasa, Kifaransa, tarehe, idadi. Niliandika hivyo nikiwa najua vizuri baba alikuwa mtu gani. Mzaliwa wa kwanza siku hiyo anatazamwa na kila mtu. Kuna wakwe ambao walimdharau baba kwa sababu ya matope kwenye suruali. Kuna waliosoma naye wakawa wakubwa. Niliitaka ile karatasi iwe safi kama ya mtu wa ofisini, kwa mara moja tu, ili wakae kimya na wasikilize. Yaya wako hamfichi papa. Anamvalisha.

Kwa hiyo usimpinge mbele ya ndugu. Nenda kwake jioni, peke yenu, na hizo buti ndani ya mfuko. Zitoe, ziweke sakafuni, usiseme kitu.

Kuhusu dakika tano: usizidishe. Watu wametoka mbali na mvua za mwezi wa kumi mnazijua.

---

Mama_wa_Nyangezi (Bukavu) alijibu:

Mpenzi wangu, nimesoma habari ya buti nikiwa sokoni Kadutu, nikalia mbele ya wateja.

Lugha kwanza, kwa sababu hilo ndilo linaloniuma. Baba mkwe wangu alilima kahawa na ndizi Nyangezi maisha yake yote. Siku ya misa yake walisoma Kifaransa. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, amefunga kitambaa chake vizuri, akimtazama msomaji mdomo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuelewa hata neno moja la maisha ya mtu aliyelala naye miaka 53. Wakati watu wanapiga makofi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wamesema nini?" Nilimtafsiria yote usiku, jikoni, lakini saa yake ilikuwa imepita. Soma Kiswahili. Na pale unapomtaja mama, sema kwa lugha ya nyumbani kwenu, hata kama ni maneno matatu.

La pili ni mashamba. Yataje moja moja. Kwetu Bushi mzee alikuwa anaweza kukuonyesha kila kipande na ng'ombe aliyempa mwami, chifu wetu, kwa ajili yake, ndiyo kalinzi yetu: huyu mwekundu alinunua bonde, huyu mwenye nundu alinunua pale penye mparachichi. Baba mkwe alijua yote kichwani. Hakuna aliyeandika. Leo bwana yangu na wadogo zake hawasalimiani kwa sababu ya mita nne. Najua kwenu desturi ya ardhi si hiyo, lakini mpaka wa shamba ni mpaka wa shamba. Sema shamba la juu lilipatikana vipi, la chini lilipatikana vipi, mbele ya ndugu wote, na kila mtu asikie.

La tatu, hao watoto 3. Mimi nimezika mmoja. Mtu akiniuliza nina watoto wangapi, moyo wangu unahesabu kwanza kabla ya mdomo. Papa yako alikuwa anauachia mdomo ufuate moyo. Kama utasema 8, utakuwa umemsahihisha siku ambayo hawezi kujibu.

Na lile jambo lenu wawili, kama ni kosa lake, mimi naona liseme, ila sema na namna alivyolibeba. Wazee wetu hawakuwa na neno la kuomba msamaha kwa mtoto. Walileta kitu mkononi. Alileta nini?

---

Chukudu_wa_Majengo (Goma) alijibu:

Samahani kuingilia. Huyu mzee, alikuwa na kofia ya sufu nyekundu, na akifunga kabichi anaacha majani mawili ya nje, hayatoi? Na alikuwa na kovu kwenye kidole gumba cha kushoto? Kama ndiye, nimembebea mzigo miaka sita.

Kutoka Kibumba kushuka Goma na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, iliyobeba kilo 400, kazi yako si kusukuma, ni kusimama. Breki ni kipande cha tairi tu, unakikanyaga kwenye gurudumu la nyuma mpaka mguu unakufa ganzi. Wenye mali wengi wanakupakia, wanakwambia "tutakutana sokoni", wanapanda gari. Yeye alishuka na mimi. Kwenye mteremko mkali alikuwa anashika kamba nyuma na kuvuta, mzee yule, anakanyaga mawe, anasema "taratibu, taratibu, soko halikimbii."

Siku moja kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, walituchukulia kabichi kumi na mbili, bila karatasi, bila neno. Nikajua jioni atanikata. Alinilipa yote. Nikamwambia, mzee, wamekuibia. Akasema, "Walichukua kabichi zangu. Miguu yako hawakuichukua." Nimejenga chumba kimoja na sebule hapa Majengo kwa chukudu, na katika pesa hizo zake zimo.

Sikujua kwamba amekufa. Jumamosi nitakuja. Ni saa ngapi?

---

MtotoWaNane (Goma) alijibu:

Kaka wa chukudu, ndiye. Kovu lile alikatwa na mundu akivuna mtama. Misa ni saa tatu asubuhi, Kibumba. Njoo, tafadhali, na utakula na sisi.

Aksanti Mwalimu. Nilikwenda kwa mama jana na maswali yako. Ndiyo, nyanya alitaja maji. Alikuwa mtu wa upande wa Sake, aliolewa Kibumba baadaye akiwa na papa mgongoni, na alisema moto ulipogusa ziwa ulipiga kelele kama mafuta kwenye kikaango. Na papa mwenyewe alitusimulia moto wa pili: alikuwa na mbuzi wanne, mmoja akakimbilia upande wa mwanga, akamfuata usiku akilia. Kwa hiyo ni kama unavyosema. Karibu 1939. Kadi ilimnyang'anya miaka sita.

Kuhusu noti za 1979, mama alicheka kwanza, halafu akanyamaza. Mtayaona hapo chini.

Kaka Mzaliwa wa Kwanza, sikukuchukia. Sikuwa nimewaza kwamba yaya anamvalisha. Jioni nitakwenda kwake.

Haya ndiyo niliyoandika usiku. Niambieni kama panapinda.

*Papa yetu alizaliwa karibu mwaka 1939, wakati moto wa Nyamulagira ulipoingia ziwani. Tunajua hivyo kwa sababu mama yake aliusikia. Mwaka 1948, akiwa mtoto wa mbuzi wanne, aliuona moto mwingine. Kadi yake ilisema 1945. Papa hakuweza kuisoma, kwa hiyo haikumsumbua.*

*Shamba la juu alirithi kwa baba yake. Shamba la chini alilinunua mwenyewe kwa misimu saba ya maharagi, na jiwe la mpaka ni lile lililopakwa chokaa, siyo lile la chini yake. Wote mmesikia.*

*Alikuwa anajua viazi. Mbegu alizichagua kwa mkono, zinazolingana na yai la kuku, akazipanga kwenye uchaga chini ya mapaa tabaka moja, hazilaliani. Alisema mbegu ione mwanga lakini isione jua. Zikitoa vichipukizi vifupi, vinene, vya kijani, alitabasamu. Zikitoa virefu vyeupe alisema nyumba ina giza, akaondoa ubao mmoja wa ukuta. Mama alilalamikia baridi miaka mingi. Hata mwaka wa njaa hatukula mbegu. Tulizitazama kwenye uchaga tukiwa na njaa, na tukalala.*

*Desemba 1979 alikuwa ameuza mavuno ya msimu mzima. Noti zilipofutwa, alizitoa kwenye chungu, akazitandaza juu ya mkeka, zile za 5 upande huu, zile za 10 upande huu, akazitazama. Mama anasema hakusema kitu. Alichukua jembe akarudi shambani, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Tangu hapo hakuweka pesa chini ya paa lake. Akiba yake ilikuwa na miguu minne.*

*Mwaka 1994, mwezi wa saba, watu wa Rwanda walifika Kibumba kwa maelfu na maelfu, kambi ikajengwa, shamba la chini likaingia ndani ya kambi. Mikaratusi yetu ilikatwa hadi mizizi. Mnajua Kibumba haina mto, mvua inazama kwenye mawe. Tulikuwa na mapipa mawili ya maji ya mvua. Papa aliyafungua yote mawili. Mama alimuuliza watoto wake watakunywa nini. Alijibu kwamba mtoto wa mwenzake amelala pale njiani mdomo wazi, na yeye hajui kupita. Maji yaliisha siku ya tatu.*

*Mwezi wa tisa mwaka huo hakuwa na minervali, pesa ya shule, ya kututosha. Alilipia kaka zangu wawili. Mimi nilikuwa na miaka 12, naingia darasa la sita. Alinibakisha nyumbani. Mwaka mzima niliwaona kaka zangu wakienda asubuhi, na sikumsemesha papa isipokuwa kwa lazima. Nilikuwa namwekea chakula nikiwa nimegeuza uso.*

*Mwaka 1995, mwezi wa tisa, alimfungua mbuzi mweusi aliyekatika sikio. Huyo ndiye aliyebaki katika akiba yote, mama wa wengine. Alikwenda naye kabla hatujaamka. Jioni alirudi na kamba tu, ameizungusha kwenye kiganja. Akatoa mfukoni risiti ya shule, akanipa. "Soma." Nikasoma. "Soma tena pale penye jina." Nikasoma jina langu. Akasema, "Ni hivyo ndivyo linavyoandikwa?" Nikasema ndiyo. Akaichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu pale penye jina, mtu ambaye hakujua herufi hata moja, akanirudishia. Hatukulizungumza tena jambo hilo. Mimi leo ni muuguzi. Risiti imo ndani ya Biblia yangu.*

*Alikuwa na mke mmoja miaka 58.* [Hapa nitasema na mama kwa lugha yake.]

*Alizaa watoto 11.* [Hapa majina yote, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na wale watatu katika nafasi zao.]

*Buti alizovaa kuvuka lava kuja kutuhesabu ziko hapa mbele ya altari. Baada ya misa mzishike.*

---

Mama_wa_Nyangezi (Bukavu) alijibu:

Usibadilishe kitu. Ila pale penye mbuzi, pumua kabla ya kuanza. Mimi ningeshindwa katikati. Andika pembeni kwa kalamu nyekundu: simama hapa.

---

Mwalimu_wa_Katindo (Goma) alijibu:

Nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani nikitazama saa. Ni dakika sita bila majina. Mwombe padre dakika nane, atakupa. Ukilazimika kukata, kata habari ya uchaga wa viazi, ingawa nitasikitika. Ya maji na ya risiti usiguse.

Jambo dogo: umeandika kwamba kadi "ilimnyang'anya" miaka sita, kule juu kwenye maelezo yako. Kwenye karatasi umeacha. Umefanya vizuri kuacha.

---

MtotoWaNane (Goma) alijibu:

Sitakata uchaga, Mwalimu, unisamehe. Nitasoma haraka pale penye tarehe.

Nilikwenda kwa yaya jana jioni. Nilifanya kama kaka alivyosema: nikaweka buti sakafuni, nikampa karatasi, nikakaa. Alisoma akiwa amesimama karibu na taa. Alipofika kwenye watoto 11 alikaa. Akaniuliza kama nakumbuka mazishi ya yule wa mwisho kati ya wale watatu. Nilikuwa sijazaliwa. Akanieleza kwamba alikuwa na miaka 10, na kwamba papa alimwita peke yake alfajiri, wakachimba wawili, kwa sababu ardhi ile ni mawe ya moto na jembe moja halikutosha. Papa alimwambia mahali ni pale, chini ya mti wa kwanza, na kwamba atakapoulizwa siku moja ajue kupaonyesha. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Karatasi yake ya Kifaransa ameikunja, ameiweka mfukoni mwa koti. Ameomba jambo moja tu, kwamba majina 11 ayasome yeye.